Mgao wa Nyuso

"Zima!"

Neno hilo ndilo lililotuachanisha wiki iliyopita, msomaji, nalo bado linazunguka ukumbini kama nzi aliyekosa dirisha. Aliyelitamka ni Klara, Mama Allen, mama wa bwana harusi. Aliyelipokea kifuani ni Mzee Elisaria, fundi wa video wa Kariakoo, ambaye hupenda kuitwa Injinia.

Siku hiyo ilikuwa ya kuvunja kamati. Harusi ya Allen na Vicky ilikwisha kupita, na wanakamati walikuwa wamekusanyika kwenye ukumbi uleule wa Magomeni ili wale, wanywe, wajitazame kwenye video, halafu kila mtu arudi kuwa jirani wa kawaida. Elisaria aliwaahidi harusi nzima, yenye urefu wa saa saba, ndani ya diski moja ya Blu-ray, picha safi mpaka wahesabu kope.

Kope hazikuonekana. Hata macho yenyewe hayakuonekana. Mama Allen alipoingia kwenye skrini akicheza, gauni la dhahabu likimeremeta, uso wake ulivunjika vigae vigae kama ubao wa drafti. Penye pua palikuwa na mraba wa kahawia. Penye kicheko, mraba mweupe.

"Zima, nimesema!"

Elisaria akabonyeza rimoti. Akabonyeza kitufe sicho. Badala ya kuzima, video ikaruka mbele na kutua kwenye nasaha, sehemu ambayo yeye mwenyewe, akiwa mzee wa kuwausia maharusi, alizungumza dakika arobaini.

Ukumbi ukapigwa na butwaa. Picha ilikuwa safi kama maji ya mtungi! Kila mkunjo wa paji la uso wa Elisaria ulikuwa mahali pake. Vifungo vya koti vilihesabika.

Evelyn, mwenyekiti wa kamati, mama mnene asiyejua kunong'ona, akasogea karibu na skrini.

"Injinia, hicho kilicho kwenye sharubu ni nini?"

"Ni mwanga tu, Mama Mwenyekiti. Taa za ukumbi."

"Mwanga gani huo wenye iliki? Hiyo ni punje ya pilau!"

Watu wakacheka, wengine wakapiga meza. Mama Allen hakucheka. Alichukua mkoba wake akatoka nje, na Elisaria akamfuata mbiombio, rimoti bado mkononi.

Hapo ndipo palipokuwa na moto wenyewe. Elisaria alikuwa mgane wa miaka mingi, na Klara alikuwa mjane wa miaka mingi zaidi. Mumewe, Samson, alikwenda kwenye machimbo ya vito huko kusini Allen akiwa bado ananyonya. Kifusi kikaanguka. Mwili haukupatikana, lakini ndugu walilia, matanga yakakaliwa, matanga yakaanuliwa. Mwezi uliopita Elisaria alimtuma Evelyn awe mshenga wake, na Klara akasema jibu atalitoa siku ya kuvunja kamati, mbele ya watu.

"Mama Allen, nipe nafasi nyingine."

"Nafasi nilikupa, Injinia. Umeijaza wewe mwenyewe."

"Nilikaa karibu na kamera, ndiyo maana..."

"Nisikilize." Hakupandisha sauti, na hilo lilimtisha zaidi. "Mtoto yule nimemlea peke yangu. Nimeuza samli, nimeuza dagaa, nimefua nguo za watu. Katika maisha yangu yote nimecheza siku moja tu. Nataka kuiona hiyo siku. Jumamosi ijayo, nikijiona, nitatoa jibu lako hapahapa ukumbini. Nisipojiona, usimtume tena Evelyn kwangu."

Evelyn, ambaye hakuna aliyemwona akifika, akadakia nyuma yao: "Na pilau ya Jumamosi unatoa wewe! Uwaite walewale waliopika siku ya harusi, walijua kupika."

* * *

Elisaria alipanda ngazi za studio yake, Mtaa wa Narung'ombe, akihema. Ukutani, juu ya kompyuta, kilining'inia cheti chake cha shule ya jioni: Ufundi wa Video na Kompyuta. Alikipata akiwa na mvi tayari, baada ya kusota darasani na vijana waliomwita Babu, na alikuwa amekifungia kitaa kidogo kwa juu ili mteja asije akakikosa.

Karibu na cheti ilikuwa nakala ya picha ya marehemu Samson. Klara aliileta ikiwa imechakaa, Elisaria akaisafisha na kuikuza. Kitu kimoja tu hakuruhusiwa kukigusa: kovu lililoikata nyusi ya kushoto katikati.

"Liache," Klara alimwambia siku ile. "Ndilo lililomfanya acheke upande."

Elisaria aliliacha, huku moyoni akiona wivu juu ya kovu la mtu aliyekufa. Alijijua. Mzee wa miaka sabini na moja, mwenye cheti, kuionea wivu picha!

Akaketi kufikiri. Diski aliyotumia ilikuwa na nafasi ya giga ishirini na tano, haiongezeki hata ukiipigia magoti. Video ya harusi ilikuwa na urefu wa saa saba, nayo haipungui. Kisa ni sheria ambayo haijaandikwa popote na kila kamati inaijua: aliyechanga lazima aonekane. Ukimkata shangazi aliyecheza na sufuria kichwani wakati wa zawadi, umekata undugu.

"Si uiweke kwenye diski mbili?" Evelyn alimwuliza kwa simu. "Part one na part two, kama filamu zetu za Bongo."

"Haiwezekani. Upande wa Vicky watauliza kwa nini wao wako part two."

"Hilo kweli."

"Halafu kuna nasaha yangu."

"Nasaha yako imefanyaje?"

Elisaria akakohoa. Katika zile dakika arobaini, aliinua diski tupu juu, akaizungusha ikameta, akasema kwa sauti ya nabii: "Wanangu, ndoa ni diski moja! Haina part two!" Watu walipiga makofi. Sasa yalikuwa yakimrudia mgongoni.

Ilibaki njia moja: diski kubwa, ile ya tabaka mbili, yenye giga hamsini. Akashuka kuitafuta.

"Diski?" Muuzaji wa kwanza alimtazama kama mtu aliyeomba stempu ya mkoloni. "Mzee wangu, chukua flash."

"Flash hufuliwa pamoja na suruali."

"Basi mrushie kwenye simu."

"Simu huibiwa."

"Shikamoo, Mzee," akasema wa pili, akicheka kabla ya kuulizwa. "Mashine za hizo diski tunaziuza kwa kilo, chuma chakavu."

Elisaria akasonga duka la mbele. Angewaambiaje kwamba mwenyewe alimzawadia Mama Allen deki ya Blu-ray kama posa ya kimyakimya, na deki bila diski ni sanduku la vumbi lenye taa?

Mpaka jua linapinda alikuwa ameuliza Kariakoo nzima. Likabaki duka moja mjini, kule Kisutu. Duka la Devendra. Na Devendra ndiye mtu ambaye Elisaria alimwita, mbele ya wateja, "fundi wa redio tu."

* * *

"Lalita! Njoo uone!" Devendra alipaza sauti kabla Elisaria hajavuka kizingiti. "Injinia mzima amekuja kwa fundi wa redio!"

Mkewe akatokea nyuma ya pazia, miwani kichwani. "Karibu, Mzee Elisaria. Umekonda."

"Sijakonda, shemeji. Nina mawazo."

"Ndio huohuo ukondefu," akasema Lalita. "Chai?"

Elisaria akataja shida yake kwa lugha ya kitaalamu, yenye mizunguko mingi, ili isionekane kuwa ni shida. Devendra alimsikiliza, kisha akanyoosha mkono.

"Lete hiyo diski iliyokuaibisha. Daktari hatoi dawa kwa simulizi."

Akaitia kwenye deki yake ya kaunta. Akabonyeza kitufe ambacho Elisaria hakuwahi kukiona kwenye deki yoyote, na pembeni mwa skrini zikatokea tarakimu, zikipanda na kushuka.

"Hizo ni nini?" Lalita aliuliza.

Elisaria hakuweza kujizuia. Mdomo wake ulijifungua wenyewe, kama darasani. "Megabiti kwa sekunde, shemeji. Huo ndio mgao. Diski ni sinia la pilau. Sinia halikui. Wageni wakizidi, kijiko cha kila mmoja kinapungua. Fundi ndiye anayeshika mwiko: anaamua kila kipande cha video kipate kiasi gani."

"Na mwiko ulikuwa mkononi mwako?"

"Ndiyo," akasema kwa fahari. Ile fahari ilidumu muda wa kumeza funda moja la chai.

"Basi tuone nani kala," akasema Lalita, akishusha miwani.

Padri akiongoza ibada: kumi. Zawadi, mashangazi wakicheza na masufuria: tano. Mama Allen akiingia na gauni la dhahabu: tatu. Uso wake ukavunjika tena vigae, na Lalita akatoa sauti ya huruma.

Kisha nasaha. Mzee Elisaria kwenye kiti, ukuta mweupe nyuma yake, hainuki, hageuki: thelathini na nne!

Lalita alishika kaunta asianguke. Alicheka mpaka miwani ikaruka. "Mzee Elisaria! Umejipakulia mapaja yote ya kuku!"

"Maneno yalikuwa mazito," Elisaria alisema kwa unyonge. "Nikaona yahitaji picha nzito."

"Maneno yako kwenye sauti, rafiki yangu!" Devendra alipiga kaunta. "Mtu aliyekaa, kinachotembea ni mdomo tu, huyo anashiba kwa kijiko kimoja. Mwenye njaa ni anayecheza! Gauni linameta, taa zinazunguka, kila sekunde ni picha mpya. Wewe umemshibisha ukuta, umemlaza na njaa mama wa bwana harusi!"

Kilichomuuma Elisaria ni kwamba hayo yote aliyajua. Aliyajibu kwenye mtihani wa shule ya jioni na kupewa alama zote. Lakini siku ile alipokuwa akigawa, alikifikia kipande chake, akasema moyoni "niongeze kidogo," kisha "kidogo tena." Na alipomaliza kuibana harusi nzima, aliikagua hotuba yake mara tatu. Mengine aliyaamini.

Devendra akafungua droo, akatoa diski moja ndani ya kasha jeusi. "Tabaka mbili. Giga hamsini. Ni ya mwisho. Nilimwekea binti yetu, Rinkal, kwa video ya harusi yake."

"Rinkal kashasema anataka ya kwenye simu," akasema Lalita. "Mpe."

"Nampa. Ila kwanza aniambie." Devendra alimkazia macho. "Hizi giga ishirini na tano za ziada, utampa nani?"

Elisaria akafungua mdomo. Mungu amsamehe, kitu cha kwanza kilichomjia ni ule mfano mzuri wa kobe na ngazi, ambao aliukata kwenye nasaha kwa kukosa nafasi.

"Mama Allen," akasema.

"Umechelewa kidogo kujibu," akasema Lalita.

* * *

Siku nzima kompyuta ilipika, yaani iliibana video upya kwa mgao mpya. Siku ya pili, mchana, Elisaria akaitia ile diski kubwa kwenye mashine, akabonyeza kuchoma, akakaa mikono magotini kama mtu anayesubiri mtoto azaliwe.

Nusu ikaandikwa. Robo tatu. Asilimia tisini na sita.

Umeme ukakatika!

Elisaria hakushtuka. Alikuwa na betri ya akiba chini ya meza, aliyoinunua kwa dharura za namna hiyo hasa. Akatabasamu katika giza la studio isiyo na dirisha, akingoja kompyuta iendelee.

Kompyuta ilikuwa imezima. Chumbani mlikuwa na mwanga mmoja tu. Kile kitaa kidogo kilikuwa kikiwaka kwa utulivu, kikimulika cheti cha Ufundi wa Video na Kompyuta.

Akainama chini ya meza. Akakumbuka. Wiki kadhaa zilizopita aliuchomoa waya wa kompyuta kwenye betri ya akiba, akachomeka wa kitaa, ili mgao wa umeme ukija mteja aendelee kukisoma cheti.

"Injinia," akajiambia kwa sauti, "hongera sana."

Diski ya Rinkal, isiyoandikwa mara ya pili, ikawa kitu cha kuwekea kikombe. Kwenye kabati ilibaki moja, ndogo, giga ishirini na tano zilezile. Jumamosi ilikuwa kesho.

Umeme uliporudi, alikaa mbele ya harusi ya saa saba na mkasi mkononi. Amkate nani? Shangazi wa sufuria? Alichanga. Mjomba aliyesinzia? Alichanga, tena mapema. Kwaya? Wazazi wa Vicky? Padri? Akawapitia wote, na kila mmoja alikuwa na haki ya kuwapo.

Akafika kwa mzee mmoja aliyekaa mbele ya ukuta mweupe, punje ya pilau kwenye sharubu, akiinua diski juu.

Akaisikiliza ile hotuba mwanzo mpaka mwisho, kwa mara ya kwanza bila kujipenda. Ilizungumzia shule ya jioni. Ilizungumzia studio ya Narung'ombe. Maharusi walitajwa mwanzoni na mwishoni, kama anwani na stempu. Vicky alipiga miayo mara nyingi, akiificha kwa shada la maua.

Katika yote hayo palikuwa na sentensi moja ya nasaha: "Wanangu, msichoke kusikilizana."

Akaibakiza hiyo. Nyingine zote akazifuta. Alipofika kwenye "ndoa ni diski moja" aliisikiliza mara moja tena, kisha akabonyeza.

Kisha akaushika mwiko upya. Wasemaji wote, yeye wa kwanza, kijiko kimoja. Wachezaji wapakuliwe. Na pale Mama Allen anapoingia ukumbini, akapandisha mgao mpaka juu kabisa, kiasi ambacho diski huruhusu.

Kompyuta ikapika tena, mashine ikachoma, na safari hii betri ya akiba ilichomekwa panapostahili. Akaikagua kazi. Alitazama uso wa Klara mara nyingi kuliko ufundi ulivyohitaji. Kope zilihesabika, kweli. Nyuma ya Klara hakutazama. Nyuma kulikuwa na nini cha kutazamwa?

* * *

Jumamosi ukumbi ulifurika. Habari za punje ya pilau zilikuwa zimesambaa, na hata wasiokuwa kwenye kamati walikuja kumwona Injinia akiaibika mara ya pili. Kutoka jikoni ilinukia pilau ya walewale wa siku ya harusi, kama Evelyn alivyoagiza.

Video ikaanza. Nasaha ikaja na kupita.

"He!" Evelyn akaruka. "Imeisha? Dakika arobaini zile ziko wapi?"

"Zilikuwa nzito," akajibu Elisaria. "Nimezitua."

Makofi yaliyopigwa yalizidi yale ya siku ya hotuba yenyewe. Aliyapokea kwa kuinamisha kichwa. Ni vigumu kujua ushukuru vipi unaposhangiliwa kwa kunyamaza.

Ndipo mlango ukafunguka kwenye skrini, ngoma zikalia, na Mama Allen akaingia.

Hakukuwa na vigae. Kila pambo la gauni liliwaka peke yake. Jasho lilionekana juu ya mdomo wa juu, na jino la pembeni lililopishana kidogo na wenzake, lile analolificha kwa kiganja siku zote. Siku ile hakulificha. Alicheza kama mtu aliyetua mzigo mlangoni.

Klara aliyekuwa kwenye kiti aliweka kiganja kinywani. Machozi yakamtoka bila sauti. Video ilipoendelea mbele, akasimama.

"Wanakamati, kuna mtu hapa nilimwahidi jibu."

Evelyn alishaanza vigelegele. Elisaria alisimama, akafunga kifungo cha koti, akajipangusa sharubu mara mbili kwa tahadhari.

"Kabla sijalitoa," akasema Klara, akimtazama kwa jicho ambalo halijawahi kumtazama hivyo, "nirudishie pale nilipoingia. Nijione tena."

"Kwa furaha, Mama Allen!"

Akarudisha. Safari hii alibonyeza kitufe chenyewe. Picha ikasimama palepale pazuri, kichwa cha Klara kimeinuliwa, kicheko wazi.

Klara akaisogelea skrini. Alitabasamu. Akanyoosha mkono kama anayetaka kuligusa shavu lake mwenyewe, na mkono ukasimama hewani. Kisha ukapita shavu, ukapita bega la dhahabu, ukaenda mpaka pembeni kabisa, kwenye pazia la mlango wa jikoni.

"Injinia."

"Naam."

"Ulisema nitahesabu kope."

"Ndiyo, Mama Allen."

"Njoo unihesabie za huyu."

Elisaria akaenda. Kando ya pazia alisimama mwanamume wa makamo, shati jeupe la wahudumu wa chakula, sinia limebanwa kwapani ili mikono ipate kupiga makofi. Alikuwa akimtazama Klara akicheza. Nyusi yake ya kushoto ilikatwa katikati na kovu. Naye alikuwa akicheka upande.

Kovu lile Elisaria alikaa nalo kwenye kompyuta siku nzima, alipoisafisha picha ya marehemu. Kwenye diski ya kwanza, kona ile ilikuwa mraba mmoja wa kijivu, mraba mpole usiomdhuru mtu. Laiti angebaki na majivuno yake, sasa hivi angekuwa na mchumba!

"Mama," Allen aliuliza kutoka kitini, "huyo ni nani?"

Klara alimgeukia Elisaria, uso umekauka.

"Jibu lako lilikuwa mdomoni tayari," akasema polepole, na ukumbi mzima ukasikia. "Lakini niambie wewe kwanza, Injinia, wewe uliyenionyesha: mimi ni mjane, au ni mke wa mtu?"

Mzee aliyeweza kusema dakika arobaini bila kumeza mate akatafuta kitufe cha kuzima kwenye rimoti.

Na kabla hajakipata, nyuma ya pazia la jikoni, sinia likaanguka sakafuni.